Umbo la konkaseri ni la nani?

Ndugu wachimbaji, na nyinyi akina mama wa karieri, jambo hili linatuhusu.

Mwaka jana fundi mmoja wa kuchomea vyuma hapa Bunia alitengeneza konkaseri, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, kwa umbo lake mwenyewe: mdomo mpana, na kifuniko cha kuzuia mawe yasiruke machoni. Vijana wa Mongbwalu waliipenda. Miezi michache tu, wengine wakaanza kuuza mashine ya sura ile ile, rangi ile ile, lakini bati jepesi. Moja ikapasuka kazini, kijana akaumia mkono. Nani alilaumiwa? Fundi wa kwanza. "Hiyo si yangu mimi!" alisema. Nani angemwamini? Kwa macho, ilikuwa yake.

Sheria iko. Ni sheria nambari 82-001 ya tarehe 7 mwezi wa kwanza 1982, juu ya mali ya viwanda. Jina na alama ya biashara ina ulinzi wake. Namna mpya ya mashine kufanya kazi ni breve, inalindwa miaka 20. Na sura ya kitu, ile inayoonekana kwa macho, ina ulinzi wake pia: kwenye biro wanaiita "dessin ou modèle industriel". Hiyo ni miaka 5, na unaweza kuiongeza mara moja tu, miaka 5 mingine.

Shida ni kwamba ulinzi huu hauji wenyewe. Lazima uandikishe kwa Wizara ya Viwanda, na umbo liwe jipya. Fundi wetu hakuandikisha. Akienda mbele ya hakimu, ataonyesha karatasi gani? Tena huduma yenyewe iko Kinshasa. Kutoka Bunia kwenda kule ni ndege, na ndege ni pesa ya konkaseri nzima.

Kuna na mambo ya mpaka. Kongo haimo katika OAPI wala ARIPO, zile jumuiya mbili za Afrika ambamo ombi moja linaweza kufika nchi nyingi. Kwa hiyo karatasi ya Kinshasa inaishia Mahagi. Uganda ina sheria yake. Lakini mwenye karatasi anaweza kumshitaki anayeleta na kuuza mwigo huku kwetu.

Wengine wataniambia: "Yaya, acha mafundi waige, njo maana bei imeshuka." Hawakukosea kabisa. Fundi hujifunza kwa kuangalia kazi ya mwenzake, na miaka 10 ikipita umbo ni la wote. Kitu kibaya ni kuvalisha bati jepesi sura ya mashine nzito ili mnunuzi adanganyike. Hata tochi ya kichwa ni vile vile: kijana anashuka shimoni akiamini sura anayoijua, halafu inazimika akiwa chini. Aliyeiga yuko sokoni anahesabu franka zake.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Wizara ipokee maombi hapa hapa Bunia, isingoje watu wapande ndege. Koperative zisaidie mafundi kutayarisha makaratasi kabla ya kuuza mashine ya kwanza: michoro, picha za kila upande, tarehe. Na sisi wanunuzi, pamoja na mapedeje wa mashimo, tudai risiti yenye jina la fundi. Bei ikiwa chini sana, tupime unene wa bati kabla ya kutoa pesa.

Yule fundi sasa anagonga jina lake kwenye chuma chenyewe, pahali ambapo rangi haifuti. Jina hilo peke yake halimpi haki juu ya umbo. Lakini mchimbaji anaweza kulisoma kabla ya kuwasha mota.