Wenye Majonzi Hawaponi kwa Panadol

Liko jambo linanikera katika zahanati zetu, na leo sitalimeza. Mama anafika alfajiri, anakaa kwenye foleni hadi jua la utosi. Akiingia kwa tabibu anasema kichwa kinamgonga, moyo unamwenda mbio, usingizi hauji. Kabla hajamaliza, kalamu imeshaandika Panadol. Hakuulizwa mume yuko wapi, wala kodi ya chumba inadaiwa miezi mingapi, wala amemzika nani. Nimemwona mmoja akifunga vidonge vyake kwenye pindo la kanga, akaondoka na dhiki yake vilevile. Akirudi tena, wahudumu wananong'onezana: "Huyu naye kazoea." Kazoea nini, jamani? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Simwambii mwenye ugonjwa mkali wa akili atupe dawa zake. Hizo ni haki yake, na aibu yetu ni kwamba mara nyingi dirishani hazipo. Nasema juu ya yule aliyelemewa na mawazo, aliyefiwa, anayepigwa, asiyejua watoto watakula nini kesho. Msikitini na kanisani tumefundishwa kwamba kumtazama mgonjwa ni ibada. Tangu lini kumtazama kukawa kumwandikia cheti na kuita "Anayefuata!"?

Najua jibu la wakubwa: wataalamu hawatoshi, vyumba hakuna. Hayo hayo aliambiwa Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe. Msichana aliyekuwa akimtibu alijiua. Familia yake ilikuwa imekosa dola 15 za nauli ya kumleta hospitali. Mwaka 2006 daktari huyo alikwenda Mbare, mtaa wa walalahoi jijini Harare, akaomba wauguzi, akaambiwa wana kazi nyingi. Akaomba chumba, akaambiwa hakuna. Alichopata ni mabibi 14 na uwanja wa nje. Basi likawekwa benchi la mbao.

Bibi aliyepewa mafunzo humkalisha mgonjwa, akamwuliza maswali machache, kisha akanyamaza amsikilize. Katika shida zote zilizotajwa, mgonjwa mwenyewe huchagua moja, wakaichambua pamoja, akaondoka na hatua moja ya kwenda kuijaribu. Vikao hufika sita. Anayeonekana kutaka kujidhuru hapelekwi nyumbani na nasaha tu, hukabidhiwa kwa walio juu. Baadaye wagonjwa hukutana wenyewe kwa wenyewe, wakifuma mikoba huku wakisemezana.

Wasomi wetu hawaamini mpaka waone tarakimu. Haya, utafiti wa kliniki 24 za Harare, watu 573, ulichapishwa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida ya kliniki, tena iliyoboreshwa, walikuwa kama 50 katika kila 100. Kwa waliokaa na mabibi walikuwa kama 14. Penye wazee haliharibiki neno! Mabenchi hayo yameshavuka mipaka hadi Zanzibar, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba haya ni ya Wazimbabwe.

Na hapa lazima niseme jingine, mniwie radhi. Sisi ni mabingwa wa vikao. Kamati ya harusi hukutana wiki nenda wiki rudi, mwenye ahadi asiyelipa akasutwa hadharani, na ukumbi ukalipiwa fedha zinazoweza kuchonga mabenchi ya wilaya nzima. Lakini jirani akifiwa, tukishakula ubwabwa wa arobaini hatumjui tena. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Enyi wahudumu wa afya ya jamii, mnaozunguka juani kwa posho isiyotajika, nyinyi mnajua kila mlango unaoficha kilio; mngepewa mafunzo na msimamizi mngefanya makubwa. Nanyi waganga wakuu wa wilaya, seremala mnaye, mwembe upo, na mabibi wenye busara wamejaa mitaani. Chagueni zahanati moja, muwafundishe, muwalipe posho yao kwa wakati, na mgonjwa anayelia mumwache amalize kulia ndipo mshike kalamu.