Tujaribu kwanza, tulipe nyuma

Sisi wanunuzi wa Kisangani, tuseme wazi. Televizyo na PlayStation za okazyo zinapanda mto kutoka Kinshasa, kilometa zaidi ya 1.700, zikipigwa jua na mvua. Sokoni muuzaji anasema: « Ni nzima, beba tu. » Ukiomba ajaribu, umeme hakuna. Ukirudisha kesho, eti umeme wa kwenu njo umeiunguza.

Kweli, umeme wetu unapanda na kushuka. Basi tununue stabilizatere mbele ya manete ya pili. Lakini hiyo haimtoe muuzaji kwenye deni lake. Ajaribu kifaa mbele yetu, hata kwa jenereta, na aandike siku za garanti kwenye fakitire. Akikataa, tumwachie mzigo wake. Sisi wote tukikataa, atajifunza.