KADI YA NJANO IMEFIKA MPAKA UANI KWETU

SEHEMU YA 1

Mama zangu, dada zangu, na akina baba mnaosoma kimyakimya bila kukomenti, nawaona. Niliahidi leo tuendelee na chakula cha mtoto aliyetimiza miezi 6. Nisameheni, hiyo itakuja Jumatano. Leo kuna jambo limenikaa kooni.

Jumapili nilikuwa nyumbani, nimetoka zamu ya usiku, nafua sare zangu. Watoto wanacheza mpira nyuma ya nyumba, hapahapa Mbangala. Goli ni mawe mawili, mpira ni wa matambara. Mmoja wamemfanya refa. Filimbi anapiga kwa mdomo, kadi ya njano ameikata kwenye dumu bovu la mafuta ya kula. Nawaangalia huku nacheka.

Refa wetu akatoa kadi. Aliyeonyeshwa akasema hajamgusa mtu. Mwingine akapaza sauti: "Refa kala hela!" Wakaanza kumzonga. Kabla sijanyanyuka, jiwe limesharuka. Mtoto wa watu amepasuka juu ya jicho, damu mpaka kwenye shati.

Nikamkandamiza na kitambaa safi, tukaenda kushona. Nyuzi tatu. Lingeshuka kidogo tu, leo tungekuwa tunazungumzia jicho.

Sijui nani alirusha lile jiwe, kila mmoja anamtaja mwenzake. Lakini aliyesema "refa kala hela" namjua. Ni mwanangu. Ana miaka 8. Nikamuuliza: nani alimpa refa hela? Hela gani? Akanishangaa. Yeye anajua tu kwamba refa akitoa kadi usiyoitaka, ndivyo anavyoitwa. Nikamuuliza hayo maneno ameyasikia wapi.

Akaniangalia usoni. "Kwako, mama."

SEHEMU YA 2

Ni kweli. Mimi ni Mwananchi, sijifichi. Usiku wa tarehe 5 Aprili 2024 tulikuwa tumekusanyika nyumbani kwangu kuangalia Yanga na Mamelodi Sundowns, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, mechi ya marudiano kule Pretoria. Ya kwanza Dar es Salaam ilikuwa 0-0. Aziz Ki akapiga shuti, mpira ukagonga mwamba wa juu, ukadunda chini, ukatoka. Nyumba nzima tuliona umevuka mstari. Refa alikuwa Dahane Beida wa Mauritania, na VAR ilikuwepo. Goli halikukubaliwa. Tukaenda matuta, tukatolewa 3-2.

Nilimwita yule baba mwizi. Nilisema mengine ambayo siwezi kuyaandika humu. Mwanangu alikuwa pembeni yangu, mnajua watoto wanavyosikiliza.

Sasa ngoja niwe mkweli zaidi. Rudi nyuma, tarehe 20 Februari 2016, Simba na Yanga. Refa wa kati ni mwanamke mwenzetu, Jonesia Rukyaa. Kipindi cha kwanza akamwonyesha beki wa Simba, Abdi Banda, kadi ya pili ya njano, akatoka nje. Tukashinda 2-0. Majirani zangu wa Simba walilalamika wiki nzima kwamba kadi ile haikustahili. Mimi je? Mimi nilisema mwanamke yule ni shujaa, anajua kazi, wanaume wajifunze kwake.

Unaona? Kadi ikimwangukia mwenzangu, refa ni bora. Ikinigusa mimi, kala hela.

Ila sisemi hasira za mashabiki ni ujinga. Hapana. Kadi ya njano siyo mapambo. Mbili kwenye mechi moja ni nyekundu, na kwenye ligi yetu zikirundikana mchezaji anakaa nje mechi inayofuata. Kadi moja ya kimakosa inaweza kuharibu kazi ya timu nzima. Na uaminifu wetu kwa waamuzi wetu umeshuka kweli. Mechi ya watani iliyoahirishwa Machi 2025 ilipokuja kuchezwa tarehe 25 Juni, refa wa kati aliletwa kutoka Misri. Yanga tulishinda 2-0, nilifurahi. Lakini kesho yake nikajiuliza: mgeni akishapanda ndege, mechi ya wiki ijayo anachezesha nani? Ni kama kuleta daktari bingwa kwa siku moja bila kumfundisha nesi anayebaki wodini.

SEHEMU YA 3

Mnajua kadi ya njano ilitoka wapi? Mwaka 1966, Kombe la Dunia kule Uingereza, wenyeji walicheza na Argentina robo fainali. Refa Mjerumani, Rudolf Kreitlein, akamtoa nahodha wa Argentina, Antonio Rattín. Rattín hajui Kijerumani, refa hajui Kihispania, na jamaa akagoma kutoka. Vurugu tupu. Mwingereza Ken Aston, aliyekuwa akisimamia waamuzi, akawa anaendesha gari kurudi, akasimama kwenye taa za barabarani. Njano: angalia. Nyekundu: simama. Wazo likamjia hapo. Kadi zikaanza kutumika Kombe la Dunia la Mexico, 1970.

Yaani kadi ya njano ililetwa ili watu WAELEWE refa ameamua nini. Leo inawasha moto kwa sababu tunaiona rangi, lakini sababu hatuambiwi.

Sisi manesi tunazo rangi hizohizo. Mgonjwa akifika tunampanga: nyekundu ahudumiwe sasa hivi, njano ni haraka lakini anaweza kusubiri kidogo, kijani asubiri foleni. Unaamua kwa dakika chache, watu wamekuzunguka, kila mama anaona mwanae ndiye mgonjwa kuliko wote. Ndiyo maana nikimuangalia refa siku hizi namuonea huruma kidogo.

Niwasimulie kitu. Miaka ya nyuma, kituo sitakitaja, zamu ya usiku, mama alileta mtoto wa miezi 9 mwenye homa. Nikampa njano. Mama akasema, "Sista, huyu mtoto simuelewi." Nikamjibu kwa haraka, subiri mama, tumeshampima. Baada ya muda akarudi. Hakunitukana. Alisimama tu mbele ya meza yangu: "Sista, naomba umuangalie tena. Hajanyonya tangu mchana."

Nikamfungua nguo. Anapumua mbiombio, kifua kinabonyea ndani. Ile ilikuwa nyekundu, na mimi nilikuwa nimempa njano.

Mtoto alipona, Mungu ni mwema. Asubuhi mkuu wetu wa zamu alinikalisha chini na wenzangu. Hakuniita muuaji. Aliuliza: uliona nini? Hukuuliza nini? Ungefanya nini tofauti? Nilikuwa sikuuliza kama mtoto ananyonya. Tangu siku ile ndilo swali langu la kwanza. (Na ninyi mlishike: mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilegea mpaka haamki vizuri, usikae foleni. Pita mbele, sema.)

Fikiria yule mama angenyamaza kwa woga. Na fikiria angeanza na matusi, mimi nikapandisha, tukabishana koridoni wakati mtoto anakosa pumzi. Kilichomwokoa yule mtoto ni mambo mawili: mama alilalamika vizuri, na mimi nikakubali kupima upya.

SEHEMU YA 4

Kwa hiyo naanza na wenye mpira wao.

Kwenye ligi yetu, refa akivurunda, Bodi ya Ligi inatoa taarifa: mwamuzi fulani ameondolewa kwa mizunguko kadhaa kwa kushindwa kutafsiri vyema sheria. Basi. Sheria ipi? Alipaswa kuamua nini? Shabiki wa Mbangala aliyelipia kibanda umiza anabaki palepale, na refa mwingine aliyekuwa nyumbani hajifunzi chochote. Adhabu ipo, maelezo hakuna.

Uingereza tangu 2023 kuna kipindi ambacho Howard Webb anakaa mbele ya kamera, wanasikilizisha sauti za refa na watu wa VAR, anasema hapa tulipatia, hapa tulikosea. Webb mwenyewe alichezesha fainali ya Kombe la Dunia 2010, Hispania na Uholanzi, akatoa kadi za njano 14. Moja alimpa Nigel de Jong aliyempiga Xabi Alonso teke la kifuani. Baadaye, alipoona picha vizuri, alisema wazi kwamba ile ilistahili nyekundu. Dunia haikuanguka.

Naomba bodi yetu ifanye hivyo, hata kwa video fupi ya simu kila wiki. Kadi tatu zenye utata, na sheria inasemaje. Hata sisi tutajifunza, maana makosa mengine ni yetu. Kwa mfano watu wanapiga kelele "VAR iko wapi?" kwa kila kadi. VAR ilipoingizwa kwenye sheria za mpira mwaka 2018 ilipewa mambo manne: goli, penalti, nyekundu ya moja kwa moja, na refa akimpa kadi mtu asiyehusika. Kadi ya njano ya kawaida haimo. Wangapi tulikuwa tunajua?

Pia refa haoti ghafla Uwanja wa Mkapa. Anaanzia kwenye mechi za mtaani, UMITASHUMTA, ligi ya kata. Kama huko tunampokea kwa mawe, mwenye akili timamu atakubali kuendelea? Watabaki wachache, tutawalaumu hao hao wachache.

SEHEMU YA 5

Sasa sisi wa nyumbani.

Kwanza, neno "kala hela" nimelipiga marufuku kwangu, nikianza na mimi. Kumwambia mtu amehongwa ni tuhuma ya jinai. Kama hujaona, sema "nadhani amekosea." Mtoto ajue tofauti ya kukosea na kuiba. Akikua ataihitaji shuleni, kazini, na kwenye ndoa yake.

Pili, fundisha mtoto kulalamika. Usimwambie tu "nyamaza, refa ni refa." Yule mama angenyamaza tungempoteza mtoto. Kwenye Euro 2024 waliweka utaratibu kwamba nahodha peke yake ndiye amfuate refa kuuliza. Nimewapa watoto hapa uani utaratibu huohuo: anaongea mmoja, anauliza kwa nini, refa anajibu, mchezo unaendelea. Kama hamjaridhika, mechi ikiisha mnakaa mnaongea.

Tatu, akina baba, hili nalisema kwa heshima zote. Timu imefungwa, mkeka umechanika kwa sababu ya kadi ya dakika ya 80, hela ya unga imekwenda. Hasira ile huwa haibaki kibandani, inakuja nayo mlangoni. Huko Lancashire, Uingereza, watafiti waliangalia Kombe la Dunia la 2002, 2006 na 2010: siku England ilipofungwa, taarifa za ukatili wa nyumbani polisi ziliongezeka kwa asilimia 38. Hata iliposhinda au kutoka sare ziliongezeka kwa asilimia 26. Mimi nimeshashona akina mama usiku wanaoniambia wamejigonga mlangoni. Baba, ukitoka kibandani umevimba, zunguka kwanza, kunywa maji, ingia ndani umepoa. Na dada yangu, kama kwako mpira ukiisha ndiyo unaanza kujificha, hilo siyo suala la mpira tena. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au njoo kituoni uongee na nesi yeyote unayemwamini.

Namalizia na mwanangu. Nilimpeleka kwa yule mtoto aliyeshonwa, akaomba radhi mbele ya mama yake. Yule mama alitupokea vizuri, Mungu ambariki. Lakini mtoto kasema urefa hataki tena, na hakuna mwenzake aliyetaka. Siku mbili walicheza bila refa, kila mpira wa kurusha ni ugomvi.

Jana nikamwambia mwanangu, leo filimbi ni yako. Nilikaa mlangoni nikaangalia mwanzo mpaka mwisho. Kuna mtoto alipigwa ngwala waziwazi mbele yake, akaanguka, analia. Mwanangu akashika mfuko ilipo kadi. Hakuitoa. Akasema "endeleeni."

Usiku nikamuuliza, mbona hukutoa kadi, si uliona?

"Niliona mama. Ila wangenipiga."

Nyumbani kwako mtoto anasikia refa anaitwa nani? Niandikieni chini, nitasoma zote nikitoka zamu. Jumatano tunarudi kwenye uji wa lishe.