Kadutu: intaneti dhaifu, lakini data za ofisi zinaweza kuokolewa

Katika tarafa ya Kadutu, mjini Bukavu, nyumba za mbao zimebanana na moto hurudi mara kwa mara. Kituo cha afya au shule inayoweka orodha zake zote ndani ya kompyuta moja inaweza kuzipoteza kwa usiku mmoja. Tena moto si hatari pekee. Februari 2025, M23 ilipouteka mji, maghala ya PAM yaliporwa karibu tani 7,000 za chakula. Anayebeba kompyuta ya wizi hajali kilichomo.

Wakubwa wa ofisi hujitetea kwamba intaneti ni dhaifu. Ni kweli, lakini hesabu hiyo haijafika mwisho. Kwenye laini inayotuma megabiti 1 kwa sekunde, gigabaiti 20 huchukua saa 44 hivi, kama umeme wa SNEL haukatiki (nani ataapa?). Lakini kazi mpya ya siku moja, tuseme megabaiti 50, hupita kwa dakika 7. Programu ya rsync, ya bure tangu 1996, hutuma sehemu zilizobadilika tu.

Kwa hiyo nakala ya kwanza isafiri mkononi, ndani ya diski iliyofungwa kwa neno la siri, hadi kwenye kompyuta ya kupokea. Mabadiliko yafuate kila usiku, laini ikiwa na watu wachache. Wengi wangechagua Goma, safari ya mashua tu. Ila Goma ilitekwa Januari 2025, wiki chache kabla ya Bukavu. Nakala inayostahili jina hilo inakaa mbali zaidi.