Mwenye Ulemavu Naye Anapenda

Iko imani iliyoota mizizi Makongolosi, Chunya na hata katika ofisi za Mbeya mjini: mtu mwenye ulemavu hana habari na mapenzi. Anaonewa huruma, anaombewa, anapelekewa unga na sabuni, lakini akitaja mchumba watu wanacheka. Akiwa ni mwanamume anayempenda mwanamume mwenzake, au mwanamke anayempenda mwanamke, hawacheki tena. Wanasema karubuniwa. Kwamba moyo ni wake na kachagua mwenyewe, hilo halimjii mtu akilini.

Imani hii ni ya uongo, na Makongolosi ndiyo ingetakiwa iwe ya kwanza kuikataa. Mji huu umekua juu ya dhahabu ya Lupa, inayochimbwa tangu miaka ya 1920. Maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, huporomoka. Kijana anayetolewa shimoni akiwa amevunjika uti wa mgongo alikwisha kupenda kabla kifusi hakijamwangukia.

Wala mkoa huu wa Mbeya si mahali pa kuuendekeza uongo huo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/23 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima wa Mbeya yamefikia asilimia 9.6 na Iringa 11.1, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Mwaka 2004 tayari utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale na Benki ya Dunia ulionyesha kwamba watu wenye ulemavu wamo hatarini sawa na wengine au zaidi, huku wakiachwa nje ya elimu na huduma kwa kudhaniwa tu kwamba hawajamiiani.

Mtazame kiziwi anayekwenda kupima. Muuguzi hajui lugha ya alama, kwa hiyo mkalimani ni dada yake. Asiyeona anasomewa majibu na binamu. Wa kiti cha magurudumu anasukumwa na jirani mpaka ndani. Siri yoyote ni ngumu hapo. Siri ya kumpenda mtu wa jinsia yake ni hatari, maana kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaanzia miaka 30 jela na kufika kifungo cha maisha. Mwaka 2017 Wizara ya Afya ilivizuia vituo 40 kutoa huduma za VVU, ikivituhumu kuhamasisha mapenzi ya jinsia moja. Mwenye miguu yake aliweza walau kutafuta pengine. Asiyeweza kupanda basi bila msaada angemwambia nani anakokwenda?

Uganda imeifanya imani hii kuwa sheria. Sheria yake ya mwaka 2023 dhidi ya mapenzi ya jinsia moja inahesabu ulemavu wa anayeitwa mtendewa kuwa sababu ya kulikuza kosa hadi adhabu ya kifo. Agosti mwaka huo kijana wa miaka 20 alishtakiwa Soroti kwa kosa hilo, likimhusu mwanamume wa miaka 41 mwenye ulemavu. Kumbaka mtu mwenye ulemavu ni unyama, na uadhibiwe vikali. Lakini sheria hii haijali kama alikubali. Inamweka mtu mzima katika orodha moja na watoto.

Binyavanga Wainaina, mwandishi wa Kenya mzaliwa wa Nakuru, alitangaza Januari 2014 kwamba yeye ni shoga. Mwaka uliofuata alipata kiharusi kilichomwachia shida ya kusema. Kwa hesabu ya wenye imani hii, mapenzi yangeishia hapo. Mwaka 2018 akatangaza kwamba ana mchumba, mwanamume, na kwamba wanataka kuoana. Alifariki Mei 2019.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu chake cha 25 kinaitaja waziwazi afya ya uzazi na ya kujamiiana, kwa ubora ule ule wanaoupata wengine. Kwa hiyo zahanati ya machimboni inadaiwa muuguzi anayejua lugha ya alama, na chumba ambamo kiti cha magurudumu kinaingia huku jamaa akisubiri nje. Mgonjwa aulizwe habari za wapenzi wake kama wanavyoulizwa wachimbaji wengine, na jibu lake libaki humo chumbani.