Silksong: Ugumu sawa, ila hiyo njia ya kurudi?

Mashabiki walisubiri zaidi ya miaka sita. Hollow Knight: Silksong, gemu ya Team Cherry ya Australia, ilitangazwa Februari 2019 ikatoka Septemba 4, 2025. Siku hiyo maduka ya gemu mtandaoni, Steam ikiwemo, yalielemewa na wanunuzi. Siku chache tu baadaye malalamiko yakaanza: gemu ni ngumu mno.

Hesabu yenyewe ni hii. Unaanza na uhai wa vinyago vitano. Maadui wengi wanakukata viwili kwa pigo moja. Yaani ukipigwa mara tatu, kwisha habari yako. Kwenye gemu ya kwanza ya 2017, mapigo mengi ya mwanzoni yalikata kimoja tu.

Wengine wanawajibu walalamikaji, "jifunze kucheza". Jibu rahisi hilo. Ukiuawa na bosi unarudishwa kwenye benchi ulilopumzika mara ya mwisho, kisha unaikimbia njia ile ile, maadui wale wale. Mtu mwenye saa moja tu baada ya kazi anaweza kumaliza nusu yake njiani.

Team Cherry wameshapunguza kidogo makali ya mabosi wawili wa mapema, Moorwing na Sister Splinter. Baadhi ya mabenchi bado ni ya kulipia, na hapo nawatetea. Pharloom ni nchi ya mahujaji wanaokufa wakipanda kwenda mji mtakatifu. Hata pumziko kuuzwa kunaendana na giza la hadithi. Kumkimbiza mchezaji njia moja mara ya ishirini, hapana.