Chanjo ya Ukimwi: Kinga iliyoonekana maabara haikuwa ngao

Mwaka 2007, askari polisi 60 wa Dar es Salaam walikubali kuchomwa sindano za majaribio ya chanjo ya Ukimwi katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Arobaini walipewa chanjo. 20 walichomwa sindano zisizo na chanjo.

Mpango huo, uliojulikana kama HIVIS na kufanywa kwa ushirikiano na wataalamu wa Sweden na Marekani, ulitumia hatua mbili. Kwanza mwili ulifundishwa kwa vipande vya vinasaba vya kirusi, kisha ukakumbushwa kwa kirusi kilichodhoofishwa cha jamii ya ndui, kilichobeba sehemu za VVU.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalileta shangwe. Baada ya sindano ya kwanza ya kukumbusha, wote 35 waliochanjwa na kupimwa hatua hiyo walionyesha kuwa kinga yao imekitambua kirusi.

Hapa ndipo wengi, wakiwamo baadhi yetu waandishi wa habari, tulipopaswa kusoma kwa makini. Jaribio lile halikuuliza iwapo chanjo inazuia maambukizi. Liliuliza iwapo ni salama na iwapo mwili unaitikia. Askari anaweza kuitambua sura ya mwizi na bado akazidiwa mbio, na VVU ni mwizi anayebadili sura kila siku.

Swali gumu liliulizwa baadaye, katika jaribio la PrEPVacc lililoanza Desemba 2020 likiongozwa na Waafrika na kuhusisha watu zaidi ya 1,500 wa Uganda, Afrika Kusini na Tanzania, Dar es Salaam ikiwamo. Mojawapo ya michanganyiko miwili ya chanjo ilitumia kirusi kile kile cha jamii ya ndui. Novemba 2023 uchanjaji ulisimamishwa, kwa kuwa hapakuwa na matumaini kwamba ungezuia maambukizi. Matokeo ya mwaka 2024 yalithibitisha hivyo.

Je, fedha na jasho vimepotea? Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapana. Muhimbili imepata maabara na wataalamu wanaoweza kuuliza maswali yao wenyewe. Lakini deni lipo kwa waliojitolea. Baadhi ya waliochanjwa damu yao huonyesha alama za VVU katika vipimo vya kawaida ingawa hawajaambukizwa, na huhitaji kipimo kingine cha kuwatofautisha. Kwa mtu anayeomba kazi au anayetarajia kuoa, hilo si jambo dogo, na huduma hiyo haifai kukoma pale mfadhili anapofunga mahesabu.

Wapo watakaosema chanjo haihitajiki tena. Mwaka 2024, kati ya wanawake 2,134 wa Afrika Kusini na Uganda waliochomwa dawa ya lenacapavir kila baada ya miezi sita, hakuna aliyeambukizwa. Ni ushindi mkubwa. Hata hivyo, dawa hiyo hailifundishi jeshi la mwili chochote; sindano zikikoma, ulinzi nao hukoma.

Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake, jaribio la chanjo lililokuwa likiandaliwa Afrika Kusini lilikwama kabla ya kuanza. PrEPVacc nayo ilitegemea fedha za Ulaya. Bajeti za serikali zetu ndizo zinazopaswa kuulizwa sasa, hasa kuhusu vipimo vya wale waliokwisha kujitolea.